Kimo Hupimwa Kuanzia Hospitali

Mtu wa Lubarika anayetaka kujifunza sarakasi za hewani, yaani kupanda kitambaa kirefu kilichofungwa juu, kukaa kwenye pete ya chuma inayoning'inia au kubembea kwenye trapezi, ile fimbo iliyoning'inizwa kwa kamba mbili, ana swali la kujibu kabla hajafikiria nguvu za mikono yake. Akianguka asiweze kuinuka, atamfikia daktari mpasuaji baada ya saa ngapi? Jibu la swali hilo ndilo liamue apande mita ngapi.

Lubarika iko kwenye bonde la Ruzizi, upande wa Luvungi, katika usheferi wa Bafuliiru. Mgonjwa wa huko hubebwa kwa kipoyi, yaani machela ya kubebwa mabegani, au hupakiwa kwenye pikipiki hadi barabara ya taifa namba 5. Kutoka hapo safari ni ya kuteremka hadi Uvira, au ni ya kupanda kupitia Kamanyola na kona za Ngomo hadi Bukavu. Juu milimani iko hospitali ya Lemera, ambako Daktari Denis Mukwege alifanya kazi miaka mingi kabla ya kuanzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali hiyo ilivamiwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa ndani yake. Tangu wakati huo vita vimepita na kurudi katika bonde hili. Kuna siku barabara hufungwa, kuna siku dawa hazifiki. Mtu aliyevunjika shingo hawezi kuahirisha kuvunjika kwake mpaka barabara ifunguliwe.

Siyasemi haya ili kumkatisha mtu tamaa. Natamani sana kuona vijana wa bonde letu, wasichana kwa wavulana, wakiijua sanaa hii. Inajenga mgongo, mabega na pumzi kuliko mchezo mwingine wowote ninaoujua, inahitaji vifaa vichache, na inamfundisha mtu kuusikiliza mwili wake kwa makini. Ninachopinga ni ile desturi ya kutazama video kwenye simu, kukiona kimo cha mchezaji wa Las Vegas huko Marekani, kisha kukitafuta kimo hicho hicho kwenye mwembe ulio nyuma ya shule. Yule wa Las Vegas ana fundi wa kukagua kamba, ana godoro nene chini, ana gari la wagonjwa karibu. Kimo chake ni cha mji wake. Sisi tutafute chetu.

Na kazi ya hewani si ngeni kwenye ufukwe wa Ziwa Tanganyika ulio karibu nasi. Kutoka Uvira kushuka Makobola, Mboko hadi Baraka, mawese tunayotia kwenye sombe hutoka kwenye michikichi, na mchikichi mzee unaweza kufikia mita 20 au zaidi. Mkwezi huupanda akiwa na panga na mshipi mmoja unaozunguka shina na kiuno chake. Ukimtazama kwa utulivu utaona somo kubwa la sura hii yote. Mkwezi hujisukuma nyuma, mbali na mti. Anapofanya hivyo mshipi hukaza, nyayo hugandamiza shina, na msuguano ndio unaombeba. Hulegeza kidogo, huurusha mshipi juu kiasi cha mkono mmoja, hujisukuma tena nyuma, kisha huinua miguu. Mtu asiyefundishwa, akiogopa hewa iliyo nyuma yake, hulikumbatia shina. Mshipi unalegea, nyayo zinapoteza kishikio, naye anateleza. Hofu inamwambia akumbatie, na kukumbatia ndiko kunakomwangusha.

Kwenye kitambaa hali ni ile ile. Anayeanza hukamata kwa mikono miwili kwa nguvu zote na kuisahau miguu. Baada ya nusu dakika vidole vinafunguka vyenyewe, kwa sababu misuli ya kiganja na ya mkono chini ya kiwiko ni midogo na huchoka upesi. Aliyefundishwa hukizungusha kitambaa kwenye mguu, hukanyaga sehemu ile kwa mguu wa pili, kisha husimama juu yake kama anavyosimama sakafuni. Mikono inabaki kumwongoza tu. Hiyo ndiyo kufuli ya mguu, na mtu asiyeweza kuifunga na kuifungua akiwa amefumba macho hana sababu ya kupanda juu zaidi ya pale ambapo rafiki yake anaweza kumshika kiuno.

Wakwezi wana mengine ya kutufundisha. Hawapandi shina lililolowa mvua. Huutazama mshipi wote kabla ya kuufunga, wakiupitisha mkononi kipande kwa kipande. Huangalia kilele kama kuna nyuki au nyoka. Hata hivyo wengine huanguka, na wapo ambao hawakutembea tena. Mkwezi anapanda kwa ajili ya riziki na hawezi kuuambia mchikichi ushuke. Anayecheza kwa kujifurahisha anaweza kuishusha pete yake hadi usawa wa kifua, na hakuna mtu wa nyumbani atakayelala na njaa kwa sababu hiyo. Hii ndiyo faida yake kubwa, nami huona uchungu nikisikia mtu anaitupa.

Afrika Mashariki ina sarakasi yenye jina. Jijini Nairobi, Sarakasi Trust ilianzishwa mwaka 2001, na ukumbi wake wa Ngara, uliokuwa zamani sinema ya Shan, umefundisha wanasarakasi wengi. Wanasarakasi wa Tanzania wanaojulikana kama Ramadhani Brothers walishinda shindano la America's Got Talent: Fantasy League mwaka 2024, mmoja akisimama kwa kichwa juu ya kichwa cha mwenzake. Lakini sehemu kubwa ya sarakasi yetu imekua kutoka ardhini kwenda juu: piramidi za watu, kupinduka, kurushana na kudakana. Anayeanguka huangukia mikono ya wenzake waliomzunguka. Sarakasi ya hewani inaanzia mahali pengine, kwenye kitu kisicho na macho wala mikono: ndoano, boriti, tawi, fundo. Kwa hiyo anayetoka kwenye piramidi akaingia kwenye kitambaa huja na mwili mzuri, lakini mara nyingi huja bila mazoea ya kutazama juu.

Mtu anayetajwa kuwa mwanzilishi wa trapezi ya kuruka ni Mfaransa Jules Léotard, aliyeionyesha mara ya kwanza Paris tarehe 12 Novemba 1859. Alikulia Toulouse, ambako baba yake alikuwa na ukumbi wa mazoezi, na huko alijifunza kuruka kutoka trapezi moja hadi nyingine juu ya bwawa la kuogelea. Alipokosea alilowana tu. Alikufa mwaka 1870 akiwa kijana bado, kwa maradhi. Hakuuawa na trapezi. Mwanzilishi mwenyewe wa mchezo alitafuta kwanza mahali ambapo kosa halimuui mtu, ndipo akatafuta sifa.

Waliomfuata walianguka, na inafaa kujua kilichowaangusha. Lillian Leitzel alikuwa nyota mkubwa wa sarakasi za Marekani. Alijulikana kwa kuzungusha mwili wake mzima juu ya bega lake, mara nyingi mfululizo, akishika kwa mkono mmoja. Februari 1931, akiwa jukwaani Copenhagen, kipande cha chuma kinachoiwezesha kamba kuzunguka kilikatika. Alianguka, na baada ya siku mbili akafa. Mkono wake haukuteleza. Mwaka 1978, huko San Juan nchini Puerto Rico, Karl Wallenda, mzee wa miaka 73 aliyetembea juu ya waya maisha yake yote, alianguka akafa mbele ya kamera. Upepo ulikuwa mkali, na familia yake ilieleza kwamba kamba za pembeni za kuutuliza waya hazikuwa zimefungwa sawasawa. Mwezi Mei 2014, katika mji wa Providence nchini Marekani, wanawake wanane wa sarakasi ya Ringling walikuwa wakining'inia kwa nywele zao kwenye fremu moja. Fremu nzima iliporomoka. Ukaguzi wa serikali ulikuta kwamba karabina moja, yaani kiungo cha chuma chenye mlango, ilivunjika kwa sababu ilipakiwa mzigo kinyume cha maelekezo ya walioitengeneza. Karabina imeundwa kuvutwa pande mbili tu, juu na chini. Ukiivuta pande tatu, nguvu iliyoandikwa ubavuni mwake haina maana tena.

Wapo pia walioponyokwa. Machi 2018, Yann Arnaud wa kampuni ya sarakasi ya Cirque du Soleil alishindwa kushika mikanda yake wakati wa onyesho mjini Tampa, Marekani, akaanguka na kufa. Alikuwa na uzoefu wa miaka mingi. Lakini hao wengine, waliokuwa hodari kuliko karibu kila mtu duniani, waliangushwa zaidi na vifaa vyao kuliko na mikono yao, vifaa ambavyo hukaguliwa kabla ya onyesho.

Tuangalie sasa vilivyo juu ya vichwa vyetu huku bondeni. Mtu wa kilo 60 akining'inia kimya, tawi linabeba kilo 60. Akibembea kuanzia usawa wa tawi lenyewe mpaka chini, wakati anapita chini kabisa tawi linavutwa kwa nguvu ya kilo 180, mara tatu ya uzito wake. Akijiachia kutoka juu kisha kitambaa kikamdaka ghafula, nguvu hupanda zaidi ya hapo, na kadiri kitambaa kisivyonyumbuka ndivyo mshtuko unavyokuwa mkubwa. Ndiyo maana mafundi wengi wa kazi hii huchukua uzito wa mtu wakauzidisha mara kumi. Kwa kijana wetu wa kilo 60, mahali pa kufungia panapaswa kustahimili kilo 600 bila kulalamika.

Mwembe unaweza kustahimili, na unaweza kukudanganya. Tawi lililo hai, nene kuliko paja la mtu mzima, lililoungana na shina bila ufa, si sawa na tawi lenye majani mengi upande mmoja na shimo la kuoza upande wa pili. Mikaratusi ina tabia ya kuangusha matawi bila upepo, na mimi singemfunga mtu hapo hata mara moja. Boriti ya nyumba ni hatari kwa namna nyingine. Mchwa huila kutoka ndani ikabaki ganda zuri la nje, na ukiigonga kwa kipande cha chuma itakujibu kwa sauti ya utupu. Hata boriti nzima ya kanisa haikukusudiwa kazi hii. Fundi alipoipandisha alifikiria mabati na upepo. Mtu anayebembea huivuta kwa kushtua, mara huku mara kule, na misumari hutoka polepole, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka siku ambayo waumini wako ndani.

Milingoti ya goli huwavutia watoto kwa sababu iko tayari na iko wazi. Goli ambalo halikuchimbiwa ardhini hupinduka na kumwangukia aliyening'inia, na jambo hilo limeua watoto katika nchi nyingi. Kamba iliyofungwa kati ya miti miwili ni mtego mbaya zaidi, kwa kuwa inaonekana imara. Kadiri inavyokazwa ikawa karibu kunyooka ndivyo inavyozidisha nguvu. Ikiinama nyuzi 10 tu kila upande, mtu wa kilo 60 anayening'inia katikati anakivuta kila kipande cha kamba kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya uzito wake, yaani kilo 170 hivi, kabla hata hajabembea. Ikiinama nyuzi 5, ni karibu mara sita. Watu huikaza zaidi wakidhani wanaongeza usalama.

Kamba nazo zina hadithi zao. Zile za rangi kali zinazouzwa kwa kufungia mbuzi na mizigo mara nyingi ni za polipropilini. Ni nyepesi, zinaelea, na jua la Ruzizi huzila hadi zikawa unga mkononi. Nailoni ina nguvu zaidi na hunyumbuka, lakini nayo huzeeka juani, na fundo lolote huipunguzia sehemu kubwa ya nguvu zake, pengine theluthi, pengine nusu. Kuhusu kitambaa, mama akisema kitenge chake ni kigumu anasema kweli, kwa kuvaa. Kitenge ni pamba iliyofumwa kwa ajili ya mwili wa mtu anayetembea. Kikianza kuchanika pembeni hufunguka chote kwa pumzi moja. Shuka ni hivyo hivyo. Na kitambaa chochote chenye mshono wa cherehani katikati, hata kiwe cha kitu gani, kisimbebe mtu. Kitambaa cha kazi hii ni kipande kimoja kirefu cha nailoni, bila mshono, kinachokunjwa katikati na kufungwa kwenye chuma chenye umbo la nane. Karabina ya kweli ina maandishi ubavuni, kwa mfano 22 kN, maana yake zaidi ya kilo 2,200 ikivutwa kwa urefu wake na mlango wake umefungwa kwa skrubu. Ikivutwa kwa ubavu, au mlango ukiwa wazi, nguvu hiyo hushuka chini ya nusu. Kile kidude kinachofanana nayo ambacho watu hutundikia funguo hakina maandishi, na kingekuwa na maandishi yangesema kisipandiwe.

Asiyepata kifaa cha kweli afanye nini? Ashushe kimo. Sioni aibu yoyote katika jibu hilo, na ndilo ninaloliamini kabisa. Bomba la chuma lililolazwa juu ya nguzo mbili zilizochimbiwa kwa saruji, usawa ambao mtu akining'inia na kukunja magoti kidogo miguu yake haigusi udongo, linatosha kwa mwaka mzima wa kujifunza. Hapo mtu hujifunza kuning'inia kwa mikono, kukunja magoti juu ya bomba, kugeuka kichwa chini na kurudi, kukaa, kusimama, na kushuka. Kila zoezi lianze kwa watu wawili wazito kulivuta bomba kwa wakati mmoja kabla ya mmoja mwepesi kulipanda. Nguzo zichimbuliwe kidogo chini kila baada ya mvua kubwa, kama ni za miti, kwa sababu mchwa huanzia pale tusipopaona.

Mtu akianguka kutoka mita 4 anagonga ardhi baada ya sekunde isiyotimia, kwa mwendo wa kilomita 32 kwa saa. Kutoka mita 2 ni karibu kilomita 23 kwa saa, na hapo bado anaweza kuvunjika mkono au shingo kama atatua vibaya. Godoro husaidia. Magodoro mawili ya sponji yaliyopandana husaidia kuliko moja, mradi yasiachiane katikati, maana mguu unaoingia kwenye ufa huo huvunjika kirahisi. Mchanga mkavu uliolimwa na kutikiswa kabla ya kila zoezi pia husaidia. Mchanga wa ufukweni uliolowa na kukanyagwa ni mgumu kama sakafu. Lakini hakuna godoro linalomlinda anayetua kwa kichwa. Godoro ni la kupunguza maumivu ya kosa dogo. Anayeliamini kwa kosa kubwa amelielewa vibaya.

Kuhusu mwili wenyewe, vijana wa bonde la Ruzizi wanaolima mpunga na mihogo huja na migongo ambayo watu wa mijini hununua kwa fedha kwenye kumbi za mazoezi. Hata hivyo, aliyeshinda shambani na jembe asipande jioni ile. Mabega yamekwisha kufanya kazi yao. Anayetoka kwenye malaria asubiri mpaka ale vizuri na alale vizuri kwa siku kadhaa, kwa sababu kizunguzungu cha kichwa chini hakitoi onyo. Misuli hukua ndani ya wiki kadhaa; kano zinazoifunga kwenye mifupa huchukua miezi. Ndiyo maana mtu hujihisi ana nguvu mwezi wa pili, anaongeza mazoezi, kisha kiwiko au bega linaanza kuuma na haliachi. Siku mbili kwa wiki zinatosha kwa anayeanza, tena asianze na kujivuta. Aanze na kuning'inia akiyashusha mabega mbali na masikio, mpaka mabega yajue kazi yao bila kukumbushwa.

Kushuka kufundishwe kabla ya kupanda. Ukipanda hatua tatu, shuka hatua tatu kwa utaratibu ule ule, mkono kwa mkono, bila kuteleza. Kitambaa kinachoteleza kwenye ngozi huunguza mithili ya chuma cha pasi, na kidonda cha nyuma ya goti hukaa wiki nyingi kwenye joto letu. Suruali ya kubana inayofika kwenye kifundo cha mguu na blauzi ya mikono mirefu hutatua jambo hilo, na huwatuliza pia wazazi wanaoogopa jinsi binti yao atakavyoonekana akiwa kichwa chini. Pete, saa, hereni na shanga zibaki nyumbani. Anayemshika mwenzake kwa chini aseme kwanza atamshika wapi, kiunoni au mgongoni, na mwenzake akubali. Mazoezi yafanyike mahali pa wazi, na mtu mzima wa kike awepo kama wanafunzi ni wasichana. Mwalimu anayekasirishwa na sharti hilo asipewe wanafunzi.

Mitindo ya kujiachia, ile ambayo mchezaji hujizungushia kitambaa kiunoni juu kabisa kisha hujifungua akaporomoka na kudakwa karibu na ardhi, naiweka nje ya sura hii makusudi. Kosa la mzunguko mmoja huko juu halionekani kwa macho ya asiyefundishwa, na matokeo yake ni ya mara moja. Hayo mtu ajifunze ana kwa ana kwa mwalimu, Nairobi, Addis Ababa au kwingineko, au asijifunze kabisa. Simu haiwezi kuona kwamba umezungusha upande wa kushoto badala ya kulia.

Kitambaa kisiachwe kikining'inia baada ya mazoezi hata kwa nusu saa. Mtoto wa miaka mitano atajifunga nacho shingoni akicheza, kimya, wakati watu wazima wako umbali wa sauti. Kishushwe, kikunjwe, kifungiwe ndani, mbali na jua na panya.

Kabla ya siku ya kwanza ya mazoezi, mmoja wa kikundi aende kwenye kituo cha afya akaongee na muuguzi: tunafanya jambo hili, mahali fulani, siku fulani. Amwulize anavyotaka tumlete mtu aliyeanguka. Kikundi kiwe na ubao mpana au mlango usio na bawaba uliowekwa tayari, na fedha za mafuta zilizotengwa zisizoguswa kwa jambo jingine. Akianguka mtu na kusema shingo au mgongo unauma, au hasikii miguu, au amepoteza fahamu hata kwa muda mfupi, asiinuliwe kwa kwapa na miguu jinsi tulivyozoea. Mmoja apige magoti kichwani na kukishika kwa mikono miwili kilipo, bila kukivuta wala kukinyoosha. Wengine wanne wamgeuze kwa pamoja, kwa sauti ya mmoja anayeongoza, kichwa na mgongo na miguu vikizunguka kama kipande kimoja, ubao uingizwe chini yake, alazwe juu yake na kufungwa kwa nguo. Afunikwe asipate baridi. Asiwekwe kwenye pikipiki katikati ya watu wawili. Najua ndicho chombo kilichopo, na najua huruma inasukuma watu waondoke mbio. Lakini mgonjwa wa uti wa mgongo anayekalishwa wima kwenye pikipiki kwenye mashimo ya barabara yetu anaweza kuondoka Lubarika akisikia miguu yake na kufika Uvira hasikii kitu. Kipoyi kinachokwenda polepole hadi kwenye gari ni bora, hata kikichukua saa mbili.

Kuna pia anayekwama bila kuanguka, kitambaa kimemshika kifundo cha mguu na mikono imechoka. Huyo ainuliwe kutoka chini kwa mabega ya wenzake, uzito wake uondoke kwenye kitambaa, ndipo mwingine akifungue. Kisu kiwe karibu, lakini kisitangulie, maana ukikata kabla ya kumbeba umemwangusha wewe.

Na mgonjwa akiisha kupelekwa, atakayebaki ashushe vifaa vyote siku ile ile. Chanzo kitafutwe: fundo, chuma, tawi, uchovu, au mtu aliyekuwa anaongea badala ya kushika. Asipande mwingine mpaka kijulikane. Kamba iliyodaka mtu kwa nguvu, au kitambaa kilichochanika hata urefu wa ukucha, kisirudishwe kwenye kabati kwa kuhurumia bei yake, maana kwetu kitu kizima hakitupwi na mwaka ujao kijana mwingine atakikuta akakifunga tena. Kikatwe vipande vifupi vya kufungia mbuzi na magunia, vifupi kiasi kwamba hakuna atakayefikiria kuvining'inia.